Mvua, Mwavuli Mmoja na Mpima Ardhi

Sisi watu wa Dodoma mvua hatuikimbii. Ikidondoka tunatoka nje kuitazama, tunapigiana simu kuulizana kama huko kwenu nako imefika, na mwenye bati lililotoboka huweka ndoo chini yake akamshukuru Mungu kwa mara ya pili. Mji wetu kwa mwaka mzima haupati hata milimita 600, na karibu zote huja katika msimu mmoja. Kwa hiyo kijana wa mapokezi wa hoteli moja ya Unguja alipotuambia kwa simu kwamba bei za Aprili ni nusu kwa sababu ya masika, Baba Watoto aliziba simu kwa kiganja akaninong'oneza: "Yaani wanatupunguzia bei ili tuone mvua?" Akatuma hela papo hapo, kabla hawajashtuka.

Unguja, Aprili peke yake huweza kumwaga zaidi ya milimita 300. Mume wangu alilijua hilo, maana takwimu za mvua ni sehemu ya kazi yake. Alilihesabu kuwa sehemu ya ofa.

Ni vyema nieleze tulivyo. Mimi ni mwalimu wa historia wa sekondari. Miaka nenda rudi nimewafundisha watoto wa watu jinsi Seyyid Said alivyohamisha makao yake kutoka Muscat kwenda Unguja, mkataba wa 1873 uliofunga soko la watumwa, na mengine mengi, yote kutoka kitabuni, na Unguja yenyewe sijawahi kuikanyaga. Baba Watoto ni mpima ardhi. Katika mji uliochaguliwa kuwa makao makuu mwaka 1973, na ambao tangu hapo haujaacha kupimwa, hiyo ni kazi ya heshima. Anaamini kwa dhati kwamba kila kitu duniani kina namba ya kiwanja, na kisicho nayo ni uvamizi. Mtu wa namna hiyo ukimpeleka Mji Mkongwe unatafuta maneno.

Tulishuka Dar es Salaam kwa treni ya umeme, tukavuka kwa boti. Habari za boti naziruka. Nilikuwa nimeinama muda wote.

Chumba tulichopewa kilikuwa ghorofa ya juu kabisa, tukaambiwa ni kwa ajili ya mandhari. Kilikuwa kirefu na chembamba, na ndani yake kitanda cha besera chenye nguzo nne kilichoenea ukuta kwa ukuta. Baba Watoto alikipima kwa hatua, akatikisa kichwa. "Hiki si chumba," akasema. "Hii ni hifadhi ya barabara." Usiku wa manane mvua ikaanza, na tone la kwanza likamwangukia kwenye paji la uso, pale pale katikati, kwa usahihi ambao mtu wa taaluma yake alipaswa kuuheshimu. Kitanda hakisogei, kwa sababu hakina pa kusogelea. Kijana wa mapokezi akaja na ndoo, akaiweka kitandani katikati yetu kwa adabu zote, akatutakia usiku mwema, akaondoka. Tumelala na watoto katikati yetu miaka mingi, lakini hakuna aliyewahi kulia tang, tang, tang hadi alfajiri.

Asubuhi ratiba ilikuwa tayari imeingizwa kwenye simu, na njia imechorwa. Beit al-Ajaib, Ngome Kongwe, Hamamni, kanisa la Mkunazini, soko la Darajani, halafu Forodhani. Umbali wote, alisema, ni mdogo kuliko shamba la mjomba wake kule Kongwa, na kabla ya chakula cha mchana tutakuwa tumemaliza. Nje mvua ilikuwa inashuka bila kupumua.

Sasa simu uifunike na nini? Mfuko wa plastiki Unguja huupati. Waliupiga marufuku mapema, sisi wa bara tukafuata 2019. Baba Watoto ni mtii wa sheria. Akafungua begi langu, akatoa kofia yangu ya kuogea, ile yenye mpira pembeni na maua ya waridi, akaivika simu. Mtu mwenye muhuri wake kazini akatoka kuongoza msafara huku akiitazama ramani kupitia waridi.

Mwavuli nao ulikuwa wa kazini. Wapima ardhi wana mwavuli mkubwa wa kukinga mitambo yao na jua wakiwa uwandani, na huu ungeweza kufunika kamati nzima ya mtaa. Dodoma, barabarani, ungeusifu. Vichochoro vya Mji Mkongwe vingine ukinyoosha mikono unagusa nyumba mbili za watu wawili tofauti. Mwavuli ulikwama kona ya kwanza, ncha moja ikiwa kwenye dirisha la mtu na nyingine kwenye mlango uliochongwa, wenye zile njumu za shaba zinazochomoza. Husemekana mtindo wa njumu ulitoka India, ambako zilizuia tembo wasisukume mlango. Unguja hakuna tembo, lakini mwavuli wetu zilizuia vizuri sana.

Tulipofanikiwa kuuchomoa tukakutana na mabomba ya mapaa. Nyumba nyingi kule zina bomba linalotokeza juu ukutani na kumwaga maji ya paa zima katikati ya uchochoro, kutoka ghorofa ya tatu. Maji hayo hayanyeshi, yanapiga. Pigo la kwanza liliupindua mwavuli ukatazama mbinguni, ukajaa, kisha ukamwaga vyote kwenye viatu vya ngozi vya Baba Watoto, viatu alivyovivaa kwa kuwa, kwa maneno yake, hatuwezi kwenda kwa wastaarabu na ndara. Wakati huo huo hamali mmoja akatokea mbele yetu na mkokoteni. Akasimama, akautazama mwavuli, akatutazama sisi.

"Wazee wangu," akauliza kwa upole, "hilo hema mwalipeleka wapi?"

Beit al-Ajaib tuliipata bila taabu kwa sababu iko pwani, na bahari hata ramani mbovu haiwezi kuikosea. Hili ndilo jengo ninalolitungia swali kila mwaka: lilijengwa 1883 na Seyyid Barghash, likawa la kwanza Unguja kuwa na umeme na lifti. Tulilikuta limezungushiwa uzio. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake iliporomoka na watu wawili wakapoteza maisha. Majengo haya yamejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na kuta za namna hiyo zikinywa maji miaka na miaka bila matunzo, siku moja huchoka. Baba Watoto aliutazama ukuta, akautazama tena, akanishika mkono akanirudisha nyuma hatua kadhaa bila kueleza. Ngome Kongwe, ambayo Waarabu wa Oman waliijenga baada ya kuwafukuza Wareno, iko hapo hapo jirani. Tuliingia, tukasimama chini ya tao moja, tukatoka.

Kwenye ufukwe huo huo, tarehe 27 Agosti 1896, manowari za Waingereza zililipiga jumba la Sultani kwa mizinga, na kwa dakika kama 38 hivi vita vyote vikawa vimekwisha. Vinatajwa kuwa vita vifupi kuliko vyote katika historia. Navileta hapa kwa sababu kutoka pale kwenda Hamamni, mwendo ambao mwenyeji anautembea huku akitafuna muwa, kulituchukua muda ambao Waingereza wangepigana vita hivyo, wakapumzika, wakarudia.

Kosa, Baba Watoto anasisitiza hadi leo, lilikuwa la setilaiti. Mawimbi yanashuka kutoka juu, yanagonga kuta ndefu zilizobanana, yanadundadunda, na yakifika kwenye simu hayajui tena yametoka wapi. Ni kweli, hata mimi nimekuja kusoma baadaye kwamba ndivyo ilivyo kwenye vichochoro virefu. Lakini alichagua kunieleza hayo akiwa amesimama chini ya bomba la paa. Kile kitone cha bluu kinachokuonyesha ulipo kilituweka msikitini. Kikatuweka jikoni kwa watu. Kikatuweka baharini, mbele ya Forodhani, na kwa kuangalia hali ya suruali yake nikasema hapo angalau hakijakosea sana.

Katika kuzunguka huko tulikuwa tunapita kwenye baraza ya mzee mmoja mwenye kofia ya vito, amekaa na birika la kahawa juu ya jiko la makaa.

"Asalaam aleikum. Karibuni, mtarowa."

"Waaleikum salaam, mzee wetu. Ahsante, tunawahi Hamamni."

Tukakata kushoto kwa fundi cherehani, tukashuka, tukapinda, tukatokea kwenye baraza ya mzee.

"Ah! Mmeshafika?"

"Bado kidogo, mzee."

Tukakata kulia kwa fundi cherehani. Fundi naye akaanza kutuinulia mkono. Tukatokea kwa mzee.

"Hamamni wameihamisha?"

Baba Watoto, maji yakimtiririka puani, akajibu kwa sauti ya ofisini kwamba tunafanya uhakiki. Mzee akaitikia kwa kichwa kwamba uhakiki ni jambo jema. Tuliporudi tena, vikombe viwili vilikuwa vimeshajazwa na vimewekwa kwenye sinia pamoja na kashata.

"Nimeshakutilieni," akasema. "Niliwaona mwapinda kwa fundi, nikajua hawa ni wangu."

Nikakaa. Mume wangu alibaki amesimama kidogo kulinda heshima ya taaluma, halafu naye akakaa. Mzee aliposikia tunatoka Dodoma akatupigia salamu ya Kigogo, "Mbukwenyi!", kwa lafudhi ya Kiunguja, na nusura nimwage kahawa. Akataka kujua tumelala wapi, tumelalaje. Baba Watoto akafunguka: chumba chembamba, upana wa kitanda, kimepimwa na nani kile, mchoro uliidhinishwa wapi? Mzee akacheka mpaka kofia ikahama. Akatueleza kwamba dari na sakafu za nyumba hizi zimebebwa na boriti za mikoko, na mkoko una urefu wake. Chumba hakiwezi kuwa kipana kuliko mti ulioletwa. Wazee hawakuchora chumba kisha wakatafuta mti. Walipata mti, wakajenga chumba. Na mapaa ya asili yalikuwa bapa, ya chokaa, na watu wengi walikuja kuyafunika kwa mabati kwa sababu ya mvua hizi hizi.

Baba Watoto alitoa kijitabu chake kilicholowana akaanza kuandika. Nimeolewa naye muda mrefu na najua uso anaouweka akikutana na kipimo halali. Kuanzia dakika ile hoteli ile ilisamehewa kila kitu isipokuwa ndoo.

"Tena mwatembea kule chini kwa nini?" mzee akauliza, akionyesha maji ya kahawia yaliyokuwa yanapita uchochoroni yakibeba maganda ya machungwa. "Pitieni juu."

Juu wapi? Juu ya mabaraza. Nilidhani baraza ni ya kukalia na kusengenyea tu. Kumbe vile viti vya mawe vilivyoandamana na kuta za nyumba, mvua ikizidi na uchochoro ukawa mto, ndiyo njia ya miguu. Nilikuwa nimeziona kwenye picha maisha yangu yote nisijue kwamba natazama barabara.

Ila ni barabara yenye wenyewe. Waunguja siku ya mvua wako barazani kwao. Kwa hiyo huwezi kupita, unabisha hodi. Kila baada ya hatua chache: hodi, karibuni, hamjambo, hatujambo, mwatoka wapi, Dodoma, aa Dodoma, na mvua ipo huko? Wacheza bao walisogeza magoti bila kunyanyua macho. Mama mmoja aliyekuwa anakuna nazi aliinuka yeye, akaiinua na mbuzi yake, tukapita, akakaa tena, akaendelea. Baba Watoto alikanyaga ukili wa bibi mmoja aliyekuwa anasuka mkeka, akasimama kuomba radhi, na radhi yenyewe ikageuka kuwa mazungumzo ya bei ya zabibu za Dodoma. Tulipofika mwisho wa mtaa tulikuwa tumealikwa chakula cha mchana na nyumba zaidi ya moja, tumeulizwa tuna watoto wangapi na kwa nini tumewaacha, na wale wacheza bao walikuwa wamemwita mume wangu arudi aamue ubishi kuhusu mpaka wa kiwanja fulani huko Fuoni. Sijawahi kumwona na furaha kiasi kile akiwa amelowa.

Na Hamamni? Ilikuwa nyuma tu ya fundi cherehani.

Mabafu ya Hamamni ni ya enzi za Seyyid Barghash, yule yule aliyewaletea watu wa mjini maji ya mabomba. Yalijengwa kwa mtindo wa Kiajemi, watu wakaenda kuoga na kupumzika humo. Siku hizi hayana maji, ni ya kutazama. Kwa maneno mengine, katika mji mzima uliokuwa unaogelea, tulikwenda kujikinga na maji bafuni. Baba Watoto alikaa kwenye ukingo wa birika kubwa lililokauka, akavua kiatu, akakimimina humo. Akavua cha pili, akakimimina. Msimamizi alitazama pembeni kwa heshima. Nadhani ni maji ya kwanza kuingia mle kwa miaka mingi sana.

Mkunazini tulifika kwa kuuliza watu, simu ikiwa mfukoni na kofia yake. Soko la watumwa lilipofungwa 1873, Askofu Edward Steere alisimamia ujenzi wa kanisa kuu la Anglikana mahali pale pale. Ndani kuna nguzo fupi ambazo zimesimama kichwa chini, miguu juu, na husimuliwa kwamba mafundi walizisimika hivyo askofu akiwa hayupo. Baba Watoto alizizunguka zote kwa faraja kubwa. Nje, kwenye shimo, kuna sanamu za watu waliofungwa minyororo shingoni, na minyororo ile ni halisi. Maji yalikuwa yamewafika miguuni. Hapo hatukuzungumza, na sina kichekesho cha kukuletea kutoka pale.

Darajani ndiko mume wangu alikorudishiwa cheo. Barabara ilikuwa imejaa maji, watu wameinua suruali, daladala zinatengeneza mawimbi, na wote wanalalamika. Yeye akasimama katikati, mikono kiunoni, anatabasamu. Sababu ni kwamba hapo zamani palikuwa na mkono wa bahari, uliokaribia kuutenga Mji Mkongwe uwe kisiwa na kuuacha upande wa pili uitwe Ng'ambo. Daraja lililouvuka ndilo lililotoa jina la Darajani. Ule mkono ulikuja kufukiwa, pakawa barabara. "Wameufukia," alimweleza muuza ndara aliyekuwa amesimama na mabuti ya mpira ndani ya maji, "lakini mwinuko wake haujabadilika! Maji yanajua hapa ni kwao!" Muuza ndara akakubali kila neno, halafu akamtajia bei. Ilikuwa imepanda pamoja na maji. Tukanunua ndara, tukanunua na kikoi, na mtaalamu akavua suruali nyuma ya meza ya vitambaa akatoka amefunga kikoi, viatu vya ngozi mkononi. Alimpendeza kila mtu. Hata hamali wetu, aliyepita tena na mkokoteni, alimwita shekhe.

Mwavuli tulimpelekea mzee wa kahawa. Alihitaji kitu cha kulikinga jiko lake na upepo wa pembeni, nasi tulihitaji kupita milangoni. Uliegemezwa kwenye ukingo wa baraza ukaenea sawasawa, na mzee akasema serikali imefanya vizuri kutuma wataalamu.

Jioni Forodhani wauzaji walikuwa wachache, wamefunga maturubai, taa zinayumba. Nilikula pizza ya Unguja, ambayo ni chapati nyembamba iliyojazwa nyama, yai na vitunguu, ikakunjwa na kukaangwa juu ya chuma. Waitaliano wasimame mbali. Baba Watoto alichukua urojo: ule mchuzi wa njano wenye uchachu, ndani yake viazi, bhajia, kachori, na chipsi za muhogo juu. Turubai lilikuwa na tundu, na tundu lilikuwa juu ya bakuli lake. Alikula, akala, bakuli halishuki. Alipomwambia muuzaji, yule bwana alilitazama tundu, akalitazama bakuli, akasema, "Leo mchuzi hauishi, shekhe. Wewe unakula, Mungu anaongeza."

Wenzetu wa Dodoma wakituuliza kama masika ni wakati wa kwenda Unguja, tunawaambia nendeni. Bei ni nusu, na wenyeji mtawakuta barazani kwao, hawana haraka. Vaeni ndara tangu Dar es Salaam. Mkikaribishwa kahawa mara ya kwanza, kaeni. Na hotelini ombeni chumba cha ghorofa ya kati, maana ya juu inavuja na ya chini inaingiza maji.